Helmeti Uliyoipakata

Omera Owuor, ndugu yangu,

Wacha nianze na pikipiki, kwa sababu ndiyo ungeiulizia kwanza. Hata ungefufuka leo ukanikuta hapa jikoni, hungeniuliza Mama anaendeleaje wala kama tumekula. Ungesema tu, "Nyamera, dada yangu, inavuta vipi?"

Inavuta. Sasa inavuta. Lakini imepitia mambo, na mengi ya hayo sitayasema kwa upole, kwa hivyo kama huko uliko kuna kiti, kaa.

Uliapa utakuwa mtu wa kwanza kutoa maoni ya pikipiki kama hii kwa Kiswahili. Kila jioni ulikuwa unanitumia video za wazungu wamesimama jangwani, wanagonga tangi, wanakalia kiti, wanasimama tena, halafu wanatangaza maoni yao ya mwanzo kama watu wanaosoma matokeo ya uchaguzi. "Wacha yangu itoke dukani," ulisema. "Nitaiendesha kutoka Oyugis mpaka Homa Bay, nishuke Karungu, nisimame pale ufuoni nilipoanzia kufundisha, niwaeleze watu wetu kwa lugha wanayoielewa." Mwalimu mzima wa Jografia, na ulikuwa unafanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Haya basi, hukusimama. Nasimama mimi, Atieno, muuza spea wa Suna, Migori, dada yako mfupi ambaye ulisema miguu yangu haitagusa chini hata nikivaa viatu vya arusi.

Maoni ya mwanzo: ni ndefu. Yawa, ni ndefu! Nilipoiona pale dukani Migori asubuhi ile, nikikungoja ufike tuichukue, nilidhani wameiweka juu ya kitu. Tangi rangi ya mchanga, kioo cha mbele kimesimama, kiti bado kina plastiki. Muuzaji akanipa ufunguo nishike, akaniambia nijaribu kukaa. Nilipanda nikiwa nimeshika ukuta. Kidole kimoja tu cha mguu ndicho kilichofika sakafuni. Nikawa nacheka peke yangu, nawaza vile nitakavyokutukana ukiingia. Halafu simu ikalia.

Kuhusu simu yenyewe sitasema. Lakini kuna jambo nitalisema, maana nyumbani hakuna mwingine anayelisema. Uliposhuka stendi ulipanda boda. Kutoka stendi mpaka dukani mtu anatembea, Owuor, kina mama wanatembea wakiwa na debe kichwani, lakini wewe ulikuwa na haraka. Yule kijana wa boda alivunjika bega tu. Nilimtembelea wodini, akaniambia huku ameangalia ukuta: "Madam, alikuwa ameipakata kama mtoto. Nilimwambia avae. Akasema hapana, hii ni ya ile nyingine."

Hii ni ya ile nyingine. Helmeti ya maana, iliyokuja kwa meli, ambayo ulikuwa umenipigia simu kunisomea maandishi ya kwenye boksi lake. Ilikuwa mapajani mwako, ndani ya mfuko wake wa kitambaa, umeikumbatia isiguswe na vumbi. Pale darajani, kabla ya kufika dukani, trela la miwa likayumba likawagonga. Helmeti ikarudi nyumbani bila mkwaruzo hata mmoja.

Nimekukasirikia. Watu wanadhani marehemu hakasirikiwi. Mimi nakukasirikia nikiamka, nakukasirikia nikifungua duka, na mteja akinunua helmeti halafu akaifunga kwenye karia badala ya kichwani, nakukasirikia wewe kabla sijamfokea yeye.

Ulizikwa Oyugis, vizuri, kama wanavyosema. Mchungaji alisimama akasema ulikuwa kijana mwangalifu, ulijikinga, lakini siku yako ilikuwa imefika. Watu wakaitikia amina. Mama alikuwa amewaambia ulikuwa umevaa helmeti. Nilimwangalia, naye akaangalia majani. Nani atasimama kwenye mazishi ya ndugu yake abishane na mchungaji? Lakini hiyo amina sijaiitikia mpaka leo. Siku yako haikuwa imefika. Wewe ndiye uliyeifuata.

Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu itakayokuuma. Baba mdogo Ochola alisema pikipiki mpya lazima iwepo kwenye tero buru, ile ngoma yetu ya kufukuza kifo. Hatungemzika mtu wa pikipiki halafu tufukuze kifo nyumbani kwa ng'ombe wawili waliokonda. Wakaileta na pikapu kutoka Migori. Vijana wote wa boda wa Oyugis walikuwa wamefika, matawi kichwani, firimbi mdomoni. Nikamwona Baba mdogo akimpa mmoja wao ufunguo.

Nilikimbia. Nilimshika yule kijana mkono. Nikasema hii injini ni mpya, haijatembea hata kilomita moja, injini mpya hulelewa, haipigwi resi, mwenye hii pikipiki alisema ataiendesha polepole mpaka pistoni izoee silinda. Nilisema yote uliyokuwa unanisomea, Owuor. Nilikuwa nimevaa nguo ya matanga, kamasi zinanitoka, naongea habari za ringi na pistoni mbele ya kaburi lako. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Ona huyu, analilia chuma badala ya ndugu yake." Wakanivuta kando wakanikalisha kwenye mkeka na wanawake.

Basi wakaipiga resi. Wakaiweka fri, bila gia, wakavuta mafuta mpaka mwisho, wakaachilia, wakavuta tena. Walipokezana. Ilikuwa inalia mpaka eksosi ikawa nyekundu. Wakaizungusha kaburi, wakatoka nayo shambani, wakarudi, na kila ilipopiga mlipuko watu walishangilia. Moshi ulikuwa mwingi hata Mama akakohoa. Niliwahi kuona tero buru nyingi na sijawahi kuchukia hata moja. Mtu akifa lazima kuwe na kelele, mimi pia sitaki kuzikwa kwa kunong'ona. Lakini ile niliichukia. Helmeti ulikuwa umeitunza isipate hata vumbi, na injini wakaila mchana mmoja.

Baada ya hapo Baba mdogo akasema ataitunza mpaka familia iketi. Familia haikuketi. Alichofanya ni kuigeuza boda. Omera, ungeiona ungezirai. Alikata kile kiti chako kizuri akaweka kirefu cha watu watatu, chenye maua. Akachomelea karia ya nondo nyuma, ya kubebea magunia. Akaweka mwavuli. Akaweka kipande cha raba nyuma ya tairi, kimeandikwa MUNGU NI MWAMINIFU, na vishada vya rangi kwenye usukani. Watu walikuwa wanamuuliza kwa nini boda yake ni ndefu hivyo, abiria anapanda na ngazi? Naye anajibu kwa maringo kwamba ni ya kupanda milima. Ilikuwa inabeba samaki kutoka Kendu Bay.

Ilimshinda kwa sababu ya moshi. Ilianza kutoa moshi wa buluu, ikawa inakunywa oili kuliko petroli, halafu siku moja ikakosa nguvu kabisa kwenye kilima ikiwa na abiria wawili na kreti ya soda. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mimi nauza spea. Akanipigia: "Nyathina, mwanangu, kuja uchukue pikipiki ya ndugu yako. Ni haki yako." Ikiwa nzima haikuwa haki yangu. Nilimjibu asante, kwa sauti ile uliyokuwa unasema ina sumu.

Nikaileta Suna kwa lori la mchanga. Unamkumbuka Mwita, fundi wangu Mkuria, yule anayefanya kazi bila kuongea? Alifungua injini, akatoa silinda, akaipeleka kwenye mwanga, akauliza, "Nani amefanya hivi?" Nikamwambia, ndugu za mwenyewe. Silinda ilikuwa imekwaruzwa juu mpaka chini, mtu angeisoma kwa kidole. Mikwaruzo yote uliyoikwepa ilikuwa mle ndani.

Tuliijenga upya. Silinda mpya, pistoni mpya, ringi mpya. Halafu nikaanza marekebisho, na hapa najua utaanza kelele, kwa hivyo nitasema yote mara moja. Karia tulikata kwa moto. Mwavuli nilimpa mama anayeuza ndizi mbele ya duka. Kiti nilikitoa sponji hadi karibu kibaki mbao, na Mwita akaishusha pikipiki nyuma, kwa sababu mimi si wewe, mimi nataka kukanyaga chini. Ndiyo, imekuwa fupi. Ndiyo, ulisema mtu akiishusha atakuwa ameiharibu. Ungebaki uiendeshe wewe. Kioo cha mbele nimekitoa. Kilikuwa kinanitupia upepo wote machoni, kilikuwa cha mtu mrefu. Chini ya injini nimeweka sahani ya chuma, na pande zote mbili vyuma vya kuikinga ikianguka, vya bomba la maji, alivikunja mchomeleaji wa hapa kwetu. Taa ya mbele ilikuwa dhaifu tangu kiwandani, wale wazungu wako hawakukuambia, nimeongeza mbili. Yale masanduku ya pembeni uliyokuwa unayatamani sikununua. Nilikata mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya njano, nikatia vifuniko na mikanda ya mpira. Maji hayaingii. Ni mibaya kuitazama na inafanya kazi.

Nikailea vile ulivyotaka. Polepole, Migori kwenda Awendo na kurudi, Migori kwenda Rongo, boda zenye abiria watatu zinanipita, madereva wananiuliza kama ni mgonjwa. Sikuvuta mafuta hata siku moja kupita pale uliposema. Kwa hilo niliitikia kila neno lako.

Ikabaki safari. Na kwa safari nilitaka helmeti.

Zile za dukani kwangu nazijua, Owuor. Nauza, sitadanganya, ni maganda, watu wananunua ili polisi aone kitu kichwani. Yako ya maana ilikuwa Oyugis, juu ya kabati la vyombo, karibu na picha yako, Mama ameifunika kwa kile kitambaa cha kushona kwa mkono. Lile kabati unalijua. Ndilo lenye vikombe vya wageni ambavyo hatujawahi kuona mgeni wa kutosha kuvinywea. Ndipo viatu vyetu vya Jumapili vilipokaa mpaka miguu ikavikataa. Sofa bado ina plastiki, kwa taarifa yako. Ukikaa na jasho inakushika.

Nilimwambia Mama naenda Karungu, naomba helmeti. Akasema, "Hiyo ni ya Owuor." Nikasema Owuor hana haja nayo. Akasema pikipiki imemla mmoja, sasa nataka imle wa pili, na kwamba helmeti haikukusaidia wewe, itanisaidia mimi nini? Hapo nikapasuka. Nilikuwa nimeinyamazia hiyo hadithi kwenye mazishi, kwenye maombi, kwa majirani, kila mgeni anaonyeshwa helmeti na kuambiwa tazama, aliivaa na bado Mungu alimchukua. Nikasema, Mama, hakuivaa. Ilikuwa mapajani. Nilisema kwa sauti, mlango uko wazi, jirani anaosha vyombo pale nje. Nikasema, alikufa akiipakata isichafuke, na wewe unajua, kwa sababu unaipanguza kila wiki na hujaona alama.

Nilidhani atanizaba kofi. Alikaa kwenye ile plastiki. Halafu akasema, polepole, bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyemwambia asiivae kwanza. Alikuja kunionyesha. Nikamwambia, mwanangu, usiichafue kabla ya pikipiki kutoka."

Sikujua. Aki ya Mungu, Owuor, sikujua. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote nikidhani ina mtu mmoja wa kuibeba. Nilitamani ardhi iyameze maneno yangu. Nilitaka kumwambia si yeye, na pia sikutaka, kwa sababu ilikuwa ni yeye, kidogo. Na ni wewe, mtu mzima mwenye akili zako. Na ni hii nyumba yetu, ambamo kitu kizuri hakitumiwi mpaka mwenyewe atoweke. Nikakaa chini, kichwa kwenye magoti yake, kama zamani akinisuka. Hatukulia. Tulikuwa tumechoka kulia.

Asubuhi alikuwa ameiweka mezani. Bila kitambaa. Nilipotoka nje kuwasha pikipiki alinifuata nayo, akanivalisha mwenyewe, akavuta mkanda wa kidevuni mpaka nikakohoa. Kichwa chako kilikuwa kikubwa, nimelazimika kufunga leso mbili ndani. Alisema neno moja tu: "Itumie."

Kwa hivyo haya ndiyo maoni kamili, kutoka barabarani. Kwenye lami ya kushuka Kendu Bay ni tulivu, haitikisiki, unasahau una injini. Ukiingia Homa Bay watu wanageuka. Mwanamke, kimo hiki, pikipiki ile, na mitungi ya njano pembeni. Polisi alinisimamisha apige picha. Gia ya pili ni fupi mno, ungeilalamikia. Breki ya nyuma inauma vizuri. Kilima cha kutoka mjini ilikipanda bila kuomba gia. Nilivuta mafuta pale kwa mara ya kwanza, mpaka mwisho, nikapiga kelele ndani ya helmeti yako, na kelele yenyewe haikuwa ya furaha. Nilikuwa nakuita majina mabaya. Yote niliyoyajua, kwa lugha tatu.

Karungu nilitoka lami nikashika njia ya chini, ile ya mchanga inayofuata ufuo. Ulikuwa umeniambia mchangani usifunge breki ya mbele, usimame kwenye vikanyagio, uache pikipiki icheze. Nikaona ziwa, nikasahau yote. Nikafunga breki ya mbele. Tairi likageuka, nikaruka, nikapiga kichwa kwenye jiwe la kuanikia nyavu. Nilisikia mlio ule masikioni mwote. Nikawa nimelala natazama mawingu, wanawake wanaoanika dagaa wa omena wanakimbia wakinipa pole, "Mos, nyathina, mos!" Nikangoja kichwa kiniambie kitu. Hakikusema. Nikajipapasa shingo, mikono, magoti. Nikasimama. Vile vyuma vya bomba la maji vimepinda lakini injini haikuguswa, na mtungi mmoja umepasuka.

Nikavua helmeti. Upande wa kushoto, juu ya sikio, kuna mkwaruzo mrefu kama kidole changu cha kati, umeingia ndani mpaka nyeupe inaonekana. Hapo ndipo nilipolia, Owuor. Sikulia hivyo kwenye mazishi. Nililia mpaka wale wanawake wakadhani nimevunjika. Maana niliona ni kazi rahisi kiasi gani. Jiwe, kichwa, mlio, mtu anasimama anajipangusa. Ndicho tu kilichohitajika pale darajani. Nilikuwa nimepanga kusimama pale nitoe maoni yako mbele ya maji. Sikutoa. Nilikunywa maji niliyopewa, nikarudi.

Mama aliuona mkwaruzo kabla sijazima injini. Alipitisha kidole pale, mara moja, halafu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama nyuma ya sikio kama mtu anayetafuta chawa. Akaingia ndani, nikasikia kabati linafunguliwa, na chai ikaja kwenye vikombe vya wageni. Kimoja kina ufa, kumbe siku zote kilikuwa na ufa.

Bado nakukasirikia. Sijui itaisha lini, na siombi iishe upesi, kwa sababu ikiisha nitabaki na nini? Lala, omera. Sofa nitaitoa plastiki mimi, Jumapili, Mama apende asipende. Pikipiki nitaiendesha, na hakuna atakayepanda nyuma yangu bila kitu cha maana kichwani, hata kama ni kutoka stendi mpaka dukani. Na nakuahidi hili: helmeti sitaipiga rangi. Ule mkwaruzo utabaki pale pale, kila mtu auone.

Ulipaswa kuwa wako.

Oriti, kwaheri,
Atieno